Ukisubiri rasimu irudi, umechelewa

Wiki iliyopita kijana mmoja msomaji wangu aliniandikia ujumbe mrefu. Amemaliza tathmini ya programu ya afya ya mama na mtoto, rasimu ya ripoti yake imerudi na maoni, na mteja anataka maneno "haikufikia lengo" yasomeke "inaelekea kufikia lengo". Akauliza: "Dada, nikubali au nigome?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba swali hilo lilitakiwa liulizwe kabla hajatia saini mkataba. Nadhani alinuna. Basi leo nieleze kwa kirefu, maana najua wengi mnaopita hapa mnataka siku moja mjitegemee katika kazi hii.

Niliwahi kutathmini programu ya upimaji katika vituo vya afya. Shirika lenyewe silitaji. Ripoti zake za kila mwezi zilipendeza mno: kila kituo kimefikia lengo, mwezi baada ya mwezi, hata miezi ambayo kwa kawaida watu hawafiki kituoni. Hapo tayari nilishaanza kujikuna kichwa.

Kwenye kituo kimoja nikaomba rejista. Mwezi mzima umeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kurasa safi, hakuna pembe iliyokunjika. Rejista inayofanya kazi kweli haiwi hivyo. Huwa na wino wa rangi tatu, majina yaliyokatwa, na doa la dawa mahali fulani. Umri wa wagonjwa wengi uliishia na sifuri au tano, lakini hilo sikulihesabu kuwa kosa, kwa sababu watu wengi hukadiria umri wao. (Wanaoanza kazi hulipuka wakiona jambo hilo na kuandika "udanganyifu". Tulieni.) Nikaenda stoo nikaomba leja ya vitendanishi, yaani kemikali na vifaa vya kupimia: vilivyopokelewa, vilivyotumika, vilivyobaki. Vipimo vilivyoripotiwa vilizidi vitendanishi vyote vilivyowahi kuingia kituoni. Nikarudia hesabu, kisha nikamwomba mtunza stoo ahesabu naye. Alipomaliza akasema, "Mimi natunza stoo tu, ripoti siandiki mimi."

Wauguzi wale hawakuwa wezi. Lengo lilishushwa kutoka juu, na kituo kisichofikia kiliitwa kujieleza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Campbell, aliandika tangu miaka ya 1970 kwamba kadiri takwimu inavyotumika kuamua mambo ya watu, ndivyo inavyozidi kuharibiwa na watu haohao. Niliandika sura nzima kuhusu hilo, bila kutaja kituo wala mtu, na nikapendekeza malengo ya vituo yalinganishwe na vitendanishi vinavyopelekwa.

Rasimu ikarudi. Kwanza sura iende kwenye kiambatisho. Baadaye kiambatisho kifupishwe. Mwishowe nikaambiwa, kwa upole sana, kwamba mfadhili "hana muda wa kusoma mambo ya stoo". Nikawaelekeza kwenye mkataba, kipengele nilichokipigania wiki nzima wakati wao wanakiona cha kijinga: ripoti kamili itawekwa hadharani kama ilivyowasilishwa, na maoni ya mteja yaambatanishwe na majibu yangu. Sura ikabaki. Kazi ya shirika lile sijaipata tena, na mkutanoni kuna mtu hupita mezani kwangu akisalimia wote ila mimi. Inaniuma? Inaniuma, kwa sababu nilishawafanyia kazi nyingi, na ile ndiyo ilikuwa bora kuliko zote.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni. Uhuru wa mtathmini haupatikani kwa kuwa mkali siku rasimu inaporudi. Siku hiyo mteja ana fedha yako, ana barua yako ya utambulisho, na anajua umechoka. Una kile tu ulichokiandika mwanzoni.

Andika nani anamiliki takwimu ghafi. Andika nani ataona rasimu na kwa muda gani. Andika kwamba mteja ana haki ya kusahihisha ukweli uliokosewa, kama jina la kituo, idadi au tarehe, lakini hitimisho ni lako. Mpango wa uchambuzi uandikwe na kuhifadhiwa kabla hujaona takwimu hata moja, ili asije mtu akakuambia "hebu jaribu kuangalia wanawake wa mjini peke yao" baada ya matokeo kukataa. Na kibali cha kamati ya maadili usikione kama karatasi ya kusumbuana; ukishabanwa, lile andiko la utafiti lililopitishwa ndilo ngao yako.

Vigezo vya kutathmini miradi vya OECD, lile shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, mnavikariri vizuri, nimeona kwenye maandiko yenu ya zabuni. Vilikuwa vitano mwaka 1991, cha sita kikaongezwa 2019. Vinakusaidia kujua uulize nini. Kukulinda usifutiwe jibu, havikulindi.

Tazameni Meksiko. Programu ya PROGRESA ilipoanza 1997, ikiwalipa akina mama fedha ili watoto waende shule na kliniki, waliopanga waliita taasisi ya nje, IFPRI, ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, ifanye tathmini, na mpango wa tathmini ukajengwa ndani ya ratiba ya kueneza programu. Vijiji 320 vilianza mapema na 186 vikasubiri, vyote vikiwa vimechaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa kuwa fedha haikutosha kufika kote siku moja, waliokuwa wakisubiri wakawa kundi linganishi. Chama kilichotawala miongo saba kikashindwa uchaguzi mwaka 2000, na programu haikuzikwa pamoja nacho. Ilibadilishwa jina tu, ikaitwa Oportunidades. Ushahidi huo ungetafutwa baada ya vijiji vyote kuingia, angelinganishwa nani na nani?

Na msiogope jibu la "hapana". Kule Malawi watafiti waligawa majiko yasiyo na moshi mwingi na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano. Hawakuona ushahidi kwamba majiko yale yamepunguza nimonia, na wakachapisha hivyo hivyo kwenye jarida la Lancet. Magharibi mwa Kenya, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu hoja iliyopendwa sana wakati huo, kwamba mama akichangia bei ya chandarua atakithamini na kukitumia. Bei ilipopanda kutoka bure hadi kama senti 60 za dola, waliochukua walipungua kwa asilimia 60, na waliolipa hawakutumia chandarua zaidi kuliko waliopewa bure. Utafiti huo ulichapishwa 2010, na wapo waliokuwa wamejenga programu nzima juu ya hoja ile.

Kuna kijana atasema: mimi ni mdogo, nikidai vipengele hivyo kazi itaenda kwa mwingine. Ndiyo, itaenda. Kadai kimoja basi, kile cha majibu kuambatanishwa na maoni, kwa sababu hakimgharimu mteja shilingi na wengi hukubali bila hata kusoma vizuri. Vingine utaviongeza jina likikua.

Na malipo. Usikubali awamu kubwa ya mwisho ifungwe kwenye "kukubaliwa" kwa ripoti. Ifungwe kwenye kuwasilishwa. Kijana wangu wa wiki iliyopita, nusu ya ujira wake imefungwa pale kwenye kukubaliwa, na kwa hiyo nilichomshauri ni hiki: hitimisho liache lilivyo, ongeza aya moja inayoeleza mteja anaona nini tofauti na kwa nini, umpelekee kwa barua rasmi yenye tarehe, nakala kwa mfadhili kama mkataba unaruhusu. Amesema atafanya Jumatatu.