Duara za kwenye gogo zinalijua jua la zamani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni seremala hapa Isevya, Tabora. Juzi nimepasua gogo la mninga, mteja akaanza kuhesabu zile duara, akasema wataalamu wakizisoma wanajua jua lilikuwaje hata miaka elfu nyuma. Nikaona ananipiga kamba. Ni kweli? Na duara nene ina maana mwaka ule jua lilikuwa kali?

JIBU: Salama fundi. Mteja hajakupiga kamba, ila hiyo ya duara nene ndo sivyo. Huku kwetu unene ni mambo ya mvua: mninga unakua kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, kiangazi unapukutisha majani unasimama, na hapo ndo panapotokea ule mstari. Mvua ikiwa haba duara inakuwa nyembamba, jua halijasema kitu bado. Kuna mwanaastronomia wa Marekani, A. E. Douglass, alihangaika miaka na miaka kutafuta mzunguko wa madoa ya jua (yale mabaka meusi usoni pake, yanayoongezeka na kupungua) kwenye unene wa duara, la jua halikumnyookea, lakini ndo aliyetuachia elimu ya kusoma umri wa mbao, mwaka 1937 akaanzisha maabara yake Chuo Kikuu cha Arizona.

Jua linasomwa kwenye kaboni. Kuna mionzi inatoka mbali huko anga za nje, ikigonga naitrojeni juu angani inazaa kaboni-14, aina ya kaboni inayooza taratibu. Jua likichangamka, madoa yakiwa mengi, usumaku wake unaizuia hiyo mionzi na kaboni-14 inapungua, likitulia inaongezeka. Mti unaivuta na hewa, inageuka mbao, na duara ikishafunga imefunga, ya mwaka 1700 inabaki na kaboni ya 1700 (inapungua taratibu, nusu kila miaka 5,730, ila hilo linapigiwa hesabu). Ndo maana kile kipindi cha 1645 hadi 1715, ambacho wenye darubini kule Ulaya waliona madoa machache sana, kwenye mbao nako kaboni-14 iko juu.

Sasa kuna hii iliyonishangaza mimi. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake wa Japani walipima mierezi ya kisiwa cha Yakushima wakakuta kati ya mwaka 774 na 775 kaboni-14 imeruka asilimia 1.2, unaweza kuona ni kidogo ila ni kama mara 20 ya mabadiliko ya kawaida. Hapo jua halikutulia, wataalamu wengi wanasema lililipuka likatutupia chembe zake lenyewe. Ikitokea leo sijui setilaiti na umeme vitapona vipi.

Gogo lako wewe piga msasa upande uliokatwa, lowanisha kidogo, utasoma miaka ya ukame vizuri tu. Jua linataka maabara, na duara za miaka ya 60 zitakuwa zimejaa kaboni-14 ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, hilo wala si la jua.