Usihesabu Mikoko Kabla Hujajua Maji Yanafika Wapi

Wadogo zangu mnaokuja Mtwara kwa mafunzo ya vitendo, nawapenda, na bidii yenu naiona. Lakini ripoti zenu zinanikosesha usingizi. Kila kundi linashuka Mikindani, linatandaza kamba, linahesabu, linakokotoa fahirisi ya Shannon, kipimo cha anuwai ya spishi, kisha linaandika kwamba mikoko yetu ina spishi chache. Mmehesabu ukanda mmoja mkauita msitu.

1. Transekti, yaani kamba ya kuhesabia, inatoka baharini kwenda nchi kavu, haifuati ufuko.

Kundi la mwisho lilikuwa la vijana makini kabisa. Walifika maji yametoka, wakaona tope la mbele linameza mguu hadi gotini, wakasogea juu penye ardhi ngumu na kuvuta kamba sambamba na bahari. Kwadrati ya kwanza, yaani kipande cha mraba cha kuhesabia, mkandaa, aina mojawapo ya mikoko. Iliyofuata, mkandaa. Wakaendelea hivyo, mkandaa kwa mkandaa, na mchu, aina nyingine, mmoja mmoja ukichungulia. Walipima vipenyo, wakajaza fomu kwa mwandiko safi, hakuna aliyelalamikia jua wala mbu. Jioni fahirisi ikatoka ndogo, na kwenye mjadala wakaandika kwamba ukataji umepunguza bioanuwai. Ukataji upo na unaniuma, ila data ile haikuwa na uwezo wa kuusemea.

Mchana wake alikuwa amepita bibi mmoja akirudi kuchokoa pweza. Walimwamkia vizuri, akaitikia marahaba, akaitazama ile kamba. "Wajukuu zangu, mbona mlilana mmeuacha mbele na msikundazi mmeuacha nyuma?" Wakatabasamu, wakaendelea kupima. Hapo ndipo niliposikitika, kwa sababu swali lile lilikuwa limebeba sura nzima ya nafasi za kiikolojia, yaani wapi na namna gani kila kiumbe huishi, na limetoka kwa mtu anayeupita msitu ule kila bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana.

Mlilana unastahimili kufunikwa na maji mara kwa mara, ndiyo maana uko mbele. Nyuma yake aina iitwayo mkoko hasa, wenye mizizi ya magongo, kisha msinzi na mkandaa. Juu zaidi maji hufika wakati wa bamvua tu, jua hukausha, chumvi hubaki udongoni, na hapo mchu hudumu kwa kuitoa chumvi kupitia majani yake. Msikundazi hutafuta mahali penye maji baridi, karibu na mito. Mkienda Lindi utafuteni mlango wa Lukuledi. Kila mti umebanwa na muda wa kufunikwa, chumvi, aina ya udongo na majirani. Wingi wake unapanda pale masharti hayo yanapoufaa na kushuka yanapoukataa. Kwa hiyo wastani wa msitu mzima unaeleza mahali ambapo hakuna mti wowote unaoishi. Kokotoeni fahirisi kwa kila ukanda, kisha linganisheni kanda. Mwanaikolojia Whittaker alitenganisha mambo haya mwaka 1960: anuwai ya ndani ya eneo moja, na tofauti kati ya eneo na eneo. Utajiri wa mikoko yetu uko zaidi kwenye hiyo tofauti, na kamba iliyolala sambamba na bahari haiwezi kuiona.

2. Usifute spishi iliyoonekana mara moja ili jedwali lipendeze. Karibu kila jamii ya viumbe ina spishi chache zenye idadi kubwa na nyingi zenye idadi ndogo.

3. Andika saa na hali ya maji kwenye kila fomu.

Konokono Cerithidea decollata hupanda shina la mchu kabla maji hayajafika, kisha hushuka kula topeni yanapotoka. Ukihesabu topeni tu maji yakianza kujaa, utasema wamekwisha, nao wako usawa wa macho yako. Inueni vichwa!

4. Tenganisha wakubwa na wadogo. Konokono Terebralia palustris akiwa mdogo hula vitu vilivyooza na mwani mdogo wa topeni. Akikua huhamia kwenye majani ya mikoko yaliyoanguka. Jina ni moja, nafasi mbili, na ukiwachanganya hutaelewa kwa nini wingi wao umeongezeka huku na kupungua kule.

5. Kutomwona kiumbe mahali hakuna maana kwamba hapawezi.

Mwanaikolojia Connell alichapisha kazi yake ya Uskoti mwaka 1961, kuhusu vile viumbe vidogo vya magamba vinavyogandia miamba. Walikuwa wa aina mbili: Chthamalus juu, Balanus chini. Connell alipomwondoa Balanus, Chthamalus akaishi vizuri hata huko chini; kumbe alikuwa anasukumwa tu. Kabla ya kuandika "haipendi eneo hili", jiulizeni nani amekaa pale.

Na wale wanaokwenda kwenye misitu ya Lindi, mtakutana na jambo hili kwa uchungu zaidi. Komba wa Rondo ana uzito wa takriban gramu 60, ana mkia kama brashi ya kuoshea chupa, na hutumia zaidi vichaka vya chini vya msitu wa pwani. Misitu hiyo imebaki vipande vipande. Anayehesabu wakati wa mchana, au anayetazama matawi ya juu peke yake, atarudi na sifuri. Tafadhali msiiandike sifuri hiyo kana kwamba ni habari ya komba. Nendeni usiku, sikilizeni milio, mulikeni chini.

6. Chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga ratiba, mchague siku za bamvua. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ukanda wa mlilana hauachwi wazi vya kutosha. Tutaanzia huko mbele, kwenye tope lenyewe, maji yakiwa bado yanatoka. Njooni na viatu vya kufunga kamba. Ndala zitabaki humo.