"Ukuta wa moto" na "bandari" za ruta

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninakaa Mabatini, Mwanza. Si mtaalamu wa kompyuta, ila jioni zangu huishia kwenye mtandao niliojijengea nyumbani: ruta (kifaa kinachogawa intaneti), swichi ya mtumba ya kuongezea matundu ya waya, kompyuta ya zamani ya kutunzia picha na filamu, na waya niliopandisha hadi nyumba ya juu kwa baba mdogo, maana mwamba ulio katikati unazuia waifai. Niliandika karatasi ya maelekezo ili nisipokuwepo wenzangu wajue la kufanya. Nikaandika "washa ukuta wa moto" na "funga bandari zote zisizotumika". Baba mdogo, aliyefanya kazi bandari ya Mwanza Kusini, aliisoma akaniuliza: ukizifunga, meli zitatia nanga wapi? Nimekosea?

JIBU: Marahaba. Umekosea, na baba mdogo amekushika mahali penyewe.

Tuanze na bandari. Mtu aliyezoea kuona mabehewa ya reli yakiingizwa ndani ya MV Umoja kwenda Port Bell, Uganda, anajua bandari ni nini: ni mahali, pana maji, pana gati, pana shehena. Unachokifunga kwenye ruta si mahali, ni namba. Kila huduma inayosikiliza kwenye mtandao ina namba yake, kati ya 0 na 65535, na data ikifika hutazamwa namba iliyobeba ili ijulikane inamwendea nani. Tovuti zenye ulinzi husikiliza 443. SSH, ya kuingilia kompyuta ukiwa mbali, hutumia 22. Telnet, yenye kazi hiyohiyo ila ni kongwe na hupitisha nywila wazi wazi bila kuificha, hutumia 23, na hiyo ndiyo ya kufunga kabla ya zote. Sasa niambie, kitu kinachopigiwa hodi, kinachofunguliwa na kufungwa, sisi tunakiitaje? Mlango. Andika "funga mlango 23".

Kosa lilitokana na Kiingereza, ambacho hutumia neno moja, "port", kwa bandari ya meli na kwa uwazi wa kupitishia kitu. Maneno hayo yana mizizi miwili ya Kilatini, mmoja wa bandari, mwingine wa lango, na aliyetafsiri akachukua usiohusika. Isitoshe, Waingereza hutumia neno hilohilo kwa kile kishimo cha nyuma ya ruta unakochomeka waya. Hapa Kiswahili kinawazidi, na ninakuomba usiitupe nafasi hiyo: kishimo ni tundu, namba ni mlango. "Chomeka waya kwenye tundu la pili" na "fungua mlango 443" ni maagizo mawili ambayo hata mtoto wa darasa la nne hatayachanganya.

Ukuta wa moto, yaani "firewall" ya Kiingereza, kinachochuja data inayoingia kutoka nje, ni jambo gumu zaidi. Kiini chake ni a-unganifu, hicho kijineno "wa". Tukisema "chandarua cha mbu", hakuna anayedhani chandarua kimeshonwa kwa mbu. Ni cha kuwazuia. "Dawa ya malaria" vilevile. Kwa hiyo kisarufi ukuta wa moto ungeweza kuwa ukuta wa kuzuia moto, na hiyo ndiyo maana ya asili: ukuta unaojengwa ili nyumba moja ikishika moto, ya jirani isiungue. Watu wa kompyuta waliliazima neno kutoka kwa wajenzi katika miaka ya 1980. Tatizo ni ukuta wenyewe. Sikio la Mswahili likisikia "ukuta wa…" linangojea kitu kilichotumika kuujenga: matofali, mawe, tope, mabati. Linapopewa moto, linaona miali. Na wewe ukaongeza "washa"! Mama akiachiwa karatasi hiyo atatafuta kiberiti.

Wapo wanaosema "ngome", na silikatai. Ila ngome hukumbusha kuta nene zilizozunguka kila upande, wakati kazi ya kifaa hiki ni kuchambua. Kilichoombwa kutoka ndani kinaruhusiwa kurudi na jibu lake. Kinachokuja bila kuitwa kinazuiwa. Mimi ninachagua "ukuta kinga". Kinga tunayo tayari katika "kingamwili", askari wa damu anayemtambua mgeni mbaya. (Kuna kinga kingine, kile cha "kinga na kinga ndipo moto uwakapo", yaani kijinga cha moto. Hicho ni neno la ki-vi na hakihusiki hapa.) Ukitaka kumweleza bibi, rudi kwenye chandarua: hewa inapita, mbu hapiti. Sijaona mfano unaokishinda.

Umeandika pia "neno la siri" badala ya nywila. Linaeleweka, lakini linamfanya mtu adhani anatakiwa neno moja, kisha anaweka jina la mtoto. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni magumu zaidi kukisia. Nywila haimfungi mtu kwenye neno moja, ndiyo maana ninaipendelea. Na ile iliyokuja na ruta kutoka kiwandani ibadilishe leo.

Kuna neno ambalo hukuliuliza lakini linaharibu karatasi yako yote: mtandao. Mwanza tunasema "unatumia mtandao gani?" tukimaanisha kampuni ya simu, "hapa hakuna mtandao" tukimaanisha mawimbi, "nimeiona mtandaoni" tukimaanisha intaneti. Wewe umeongeza maana ya nne, vifaa vya nyumbani vilivyounganishwa. Neno linastahimili, kwa kuwa limetoka kwenye kutandaa, na vyote hivyo vimetandaa. Lakini ulipoandika "mtandao ukikatika zima ruta", watu wako watazima ruta kila intaneti inapopotea, na hapohapo baba mdogo aliye juu anaikosa filamu aliyokuwa akiitazama kutoka kompyuta yako, filamu ambayo haikuhitaji intaneti hata kidogo.

"Mtandao wa wageni", ule unaowapa wageni intaneti bila kuwafikisha kwenye vifaa vyako, uache ulivyo. Mgeni anakaribishwa barazani, haingii chumbani. Neno na kazi yake vimekutana.

Mistari mingine ningeiandika hivi:

"Ukuta kinga uwe umewekwa wakati wote. Milango isiyotumika ifungwe, hasa 23. Waya wa nyumba ya juu uko kwenye tundu la nne, usiuchomoe. Intaneti ikikatika, mtandao wa nyumbani bado upo: picha na filamu zitafunguka. Usizime ruta."