Kabla Hujafunga Mizigo ya Kwenda Leavenworth Mwezi wa Oktoba

Mara ya kwanza tulipokwenda Leavenworth, mji mdogo ulioko upande wa mashariki wa milima ya Cascade katika jimbo la Washington, tulifanya karibu kila kosa ambalo familia yenye watoto wawili na gari moja inaweza kulifanya. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba. Tuliondoka Kent, kusini mwa Seattle, saa nne asubuhi baada ya kunywa chai bila haraka, tukafika saa nane na nusu mchana, kisha tukazunguka kwa muda wa dakika hamsini tukitafuta mahali pa kuegesha gari, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba wikendi hiyo ilikuwa ya Oktoberfest, sherehe ya bia na muziki ya mtindo wa Kijerumani. Jioni, nyumba ya wageni niliyokuwa nimeilipia kwa simu ilitujulisha kwamba chumba chetu kilikuwa kimekwisha kutolewa kwa watu wengine. Tulilala Wenatchee, kilomita 35 mbele, tukiwa tumeona mabega ya watu wengi kuliko tulivyoona milima. Tangu siku hiyo tumerudi mara tatu, na mara zote tatu tumefurahi, kwa kuwa tulijifunza kuchagua siku kabla ya kuchagua hoteli.

Yafaa kwanza kuelewa mji wenyewe, maana wengi huenda wakidhani kwamba ni makazi ya zamani ya Wajerumani. Sivyo. Leavenworth ulikuwa mji wa reli na mbao, uliokua baada ya njia ya reli ya Great Northern kupita hapo katika miaka ya 1890, na uliodhoofika pale kampuni ya reli ilipohamishia shughuli zake Wenatchee na kinu cha mbao kikafungwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 maduka mengi ya barabara kuu yalikuwa matupu. Mwaka 1962 wakazi walianzisha mradi wa kuunusuru mji wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Washington, na wafanyabiashara wawili waliokuwa na mkahawa karibu na hapo, Ted Price na Bob Rodgers, ambao walikuwa wameuona mji wa Solvang kule California uliojipamba kwa sura ya Kidenmaki, walishikilia kwamba Leavenworth nao ujivike sura ya Bavaria, jimbo la Ujerumani lenye milima, kwa kuwa milima tayari ilikuwapo. Hoteli iliyoitwa Chikamin ikakarabatiwa na kupewa jina la Edelweiss, majengo mengine yakafuata kwa fedha za wenyewe, na leo kanuni za mji zinadai hata mabango ya maduka yaandikwe kwa mtindo huo.

Ninalieleza hili kwa sababu linaathiri namna ya kupanga safari. Mji uliotengenezwa ili watu waje kuutazama huwa mzuri pale ambapo watu hao hawajafika, na kilichowavutia Price na Rodgers, yaani milima, hakikutengenezwa na mtu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuutumia mji kwa asubuhi na jioni, na saa za katikati kuwa nje yake.

Sasa tuje kwenye tarehe. Kwetu Lushoto, vuli ni mvua. Huku, neno hilo hilo hutumiwa na baadhi yetu kwa majira ambayo majani hubadilika rangi na kupukutika, na mabadiliko hayo hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Juu kabisa milimani, miti ya lachi, ambayo ni ya jamii ya misonobari lakini hupukutisha majani yake kila mwaka, hugeuka rangi ya dhahabu kuanzia mwishoni mwa Septemba. Chini, kwenye korongo la Tumwater ambamo barabara na mto Wenatchee hupita bega kwa bega, miti ya mepoli hupendeza zaidi katika wiki mbili tatu za kwanza za Oktoba. Mwishoni mwa Septemba kuna tamasha la majani, ambalo limekuwapo tangu 1964 na huwa na gwaride. Ni zuri kwa watoto, lakini moshi wa moto wa misitu haujaisha nyakati hizo, na Septemba 2022 moto wa Bolt Creek uliifunga kabisa barabara ya US 2, ndiyo tunayopita kutoka Seattle. Oktoberfest nayo hushika wikendi za Oktoba. Anayependa bia na muziki wa bendi ataifurahia, nami simlaumu. Asiyekunywa atalipa bei ya juu ya chumba kwa ajili ya sherehe isiyokuwa yake. Sisi huchukua ruhusa ya kazi siku ya Alhamisi na Ijumaa, tukalala usiku wa Jumatano na wa Alhamisi, na kurudi wengine wanapoanza kufika. Ikiwa huna budi kwenda Jumamosi, tafuta chumba katika miji jirani ya Cashmere au Wenatchee, kisha uingie mjini kwa basi la Link Transit, ili usahau kabisa habari ya maegesho.

Kwa upande wa barabara, kutoka Seattle ni takriban kilomita 190, na US 2 ikiwa tupu safari huchukua saa mbili na nusu hivi. Jaza mafuta Monroe au Sultan, pakua ramani kwenye simu mapema, kwa kuwa baada ya Gold Bar mtandao hupotea kwa vipande virefu, na usiuharakie mlima wa Stevens Pass wenye kimo cha mita 1,238, ambako theluji inaweza kukukuta mwishoni mwa Oktoba ilhali mjini kuna jua. Aliyezoea kona za Mombo kwenda Lushoto hatatishwa na barabara hii. Kitakachomchosha ni foleni ya Jumapili alasiri, magari yote ya Seattle yanaporudi nyumbani kwa wakati mmoja.

Wapo watakaokushauri upande treni. Empire Builder, treni ya kampuni ya Amtrak, husimama Leavenworth mara moja kwa siku kila upande, katika kituo kidogo cha Icicle kilichofunguliwa mwaka 2009 nje kidogo ya mji, na kwa mtu asiye na gari ni msaada mkubwa. Lakini piga hesabu ya mwanga. Treni huondoka Seattle mnamo saa kumi na moja jioni na kufika usiku. Katikati ya Oktoba jua huzama kama saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo milima yote utaipita gizani, na lile handaki la kilomita 12 na nusu lililochimbwa chini ya Stevens Pass halitakuwa na tofauti yoyote na sehemu nyingine ya njia. Ile ya kurudi hupita asubuhi na mapema. Treni hii ni ya Juni; Oktoba ni ya gari.

Ukishafika, amka mapema. Saa moja na nusu asubuhi Front Street huwa na wafagiaji, harufu ya mikate na ukungu unaopanda kutoka mtoni, na unaweza kuyatazama majengo yale, balkoni za mbao, maua yaliyoning'inia na picha zilizochorwa ukutani, bila kusukumwa na mtu. Piga picha zako wakati huo. Kuanzia saa nne anza kuteremka kuelekea bustani ya mtoni, uvuke daraja la miguu hadi kisiwa cha Blackbird, ambako njia ni tambarare na mzee au mtoto wa miaka mitatu anaweza kutembea bila shida.

Mahali ninapopapenda kuliko pote, hata hivyo, ni kijia cha Tumwater Pipeline, dakika chache kutoka mjini kwa gari. Si kirefu, hakina mwinuko wa kutisha, nacho kinafuata lilipopita bomba kubwa lililopeleka maji kwenye mtambo wa umeme wa kampuni ya reli, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili treni zipite kwenye handaki la zamani kwa umeme, kwa sababu moshi wa makaa ya mawe ulikuwa ukiwapalia watu humo ndani. Unavuka mto juu ya daraja la chuma lililokuwa likibeba bomba hilo, na mbele yako mlima wote umetapakaa nyekundu na njano. Tulikaa hapo saa mbili nzima bila kufanya jambo lolote la maana. Katika bonde la Icicle zipo njia nyingine nyingi. Kumbuka kwamba vituo vingi vya kuanzia matembezi kwenye msitu wa taifa vinahitaji kibali cha kuegesha cha dola 5 kwa siku. Habari ya kwenda kuziona lachi za Enchantments (eneo la maziwa lililo juu milimani), ambazo utaziona kila mahali mtandaoni, iache ikiwa una watoto wadogo. Kulala kule hadi tarehe 31 Oktoba kunahitaji kibali kinachogombewa kwa bahati nasibu, na kwenda na kurudi kwa siku moja ni kazi ya miguu iliyozoea. Lachi nyingine utaziona bila jasho kandokando ya barabara ya Blewett Pass, kama nitakavyoeleza.

Watoto wangu wanapenda zaidi sehemu mbili. Ya kwanza ni makumbusho ya vibanio vya kubanjia karanga ngumu, vingi vikiwa vimechongwa kwa umbo la askari mwenye mdomo mkubwa. Yalifunguliwa mwaka 1995, yana zaidi ya vipande 7,000, na hayafunguliwi asubuhi na mapema, kwa hiyo yanafaa saa za msongamano. Ya pili ni kituo cha serikali cha kuzalishia samaki wa samoni, ambacho hakina kiingilio, na ambacho kilijengwa kwa kuwa bwawa la Grand Coulee lilikuwa limewazibia samoni njia ya kurudi kwenye mito walikozaliwa. Hapo karibu, kijito cha Icicle kinapoungana na mto, ndipo watu wa kabila la Wenatchi walipovua tangu zamani, na ambapo mkataba wa mwaka 1855 uliahidi kuwatengea eneo la uvuvi ambalo hawakupewa. Balkoni za Bavaria hazitakusimulia hilo.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Soseji nyingi ni za nguruwe, na hata zile za kuku wakati mwingine huchomwa kwenye jiko lilelile, basi Mwislamu aulize kabla ya kuagiza. Sisi hubeba wali na samaki wa kukaanga kwenye vyombo, tukala mtoni, kisha mjini tukanunua mikate ya chumvi iliyosokotwa na chai. Beba makoti pia, kwani usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri.

Safari iliyopita tulikwenda na mama mkwe aliyekuwa ametoka Lushoto kutusalimia. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, wakajenga kweli na wakatawala kweli, na mama amekulia kwenye masimulizi ya enzi za Mjerumani, ambayo si ya bendi na maua. Alitembea Front Street kimya, akasoma mabango, akaingia katika maduka mawili, kisha akamwuliza mume wangu, "Baba, na wenyewe Wajerumani wako wapi?" Mume wangu akamjibu kwamba hawapo. Mama akacheka hadi akakaa kwenye benchi. Baadaye nilitafakari kwamba yeye, kila anaposema shule au hela, ana Ujerumani mwingi mdomoni kuliko mji ule wote.

Wakati wa kurudi, usirudi ulikotokea. Endelea mashariki dakika chache hadi Peshastin, kisha upinde kulia kuingia US 97, upande Blewett Pass ambako lachi za dhahabu huchomoza kati ya misonobari ya kijani, ushuke hadi kwenye barabara kuu ya I-90 karibu na Cle Elum. Kwa sisi tunaokaa kusini mwa Seattle, njia hii haitupotezei muda wowote, na foleni yake ni nafuu. Lakini kabla ya kupinda, simama kwenye vibanda vya matunda vya Peshastin, maana bonde hili ni la matofaa na mapeasi. Mama aliyapapasa mapeasi moja moja, akayaona magumu, akataka kuyaacha. Muuzaji akamweleza kupitia kwangu kwamba peasi haliivi vizuri mtini. Huchumwa likiwa gumu, likafungwa kwenye karatasi na kuwekwa jikoni, nawe ulibonyeze karibu na kikonyo kila siku mpaka lilegee. Mama akasema hayo aliyajua tangu utotoni, akanunua kilo nne, na yalipoiva siku ya tano alitangaza kwamba ni matamu, ila ya Lushoto yana harufu zaidi.