Maswali na majibu: maiki za kondensa (maiki nyeti zinazohitaji umeme), rahisi na ghali, kwa kurekodi stereo nje

Kati ya maiki ya bei rahisi na ya ghali, ipi ni bora kwa kurekodi nje?

Swali hili linarudi kila mara bila kutaja kinachorekodiwa, na kwa hali hiyo halijibiki. Barabara yenye magari na msitu wa alfajiri ni kazi mbili tofauti. Tajeni sauti mnayoitafuta, umbali wake na kinasa mlicho nacho.

Nikirekodi ndege wa mbali nasikia mvumo wa "shhh". Nikinunua maiki za ghali utaisha?

Acha bei, soma kelele ya ndani ya maiki, ile namba ya dBA (desibeli) kwenye karatasi ya vipimo; ikiwa ndogo, maiki ni kimya zaidi. Rode NT1-A ina 5. Sennheiser MKH 8040, ambayo ni ghali kuliko hiyo mara nyingi, ina 13. Rode NT5 ina 16. Hata kapsuli (kile kipande cha maiki kinachonasa sauti) ndogo ya Primo EM272, ambayo watu huichomelea wenyewe kwenye kebo, ina 14. Kwa ukimya peke yake, basi, maiki rahisi inaweza kuishinda ya ghali waziwazi.

Fedha ya MKH inanunua mambo mengine. Ni ndogo na nyepesi, sauti zinazoingia kwa pembeni hazibadiliki rangi (uwiano wa sauti za juu na za chini) sana, na inavumilia unyevu. NT1-A ina kiwambo (utando unaotetemeshwa na sauti) cha inchi 1 na mwili mzito. Mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinadai stendi imara na kinga kubwa ya upepo, na sauti za pembeni hazibaki na rangi ileile. Kwa stereo hilo si dogo, maana nusu ya mandhari inaingia kwa pembeni.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mvumo hautoki kwenye kinasa. Chukua plagi ya XLR (ile ya pini tatu ya kebo ya maiki), unganisha rezista ya omu 150 kati ya pini 2 na 3, zima umeme wa fantomu (volti ambazo kinasa huzipelekea maiki), acha geini (kiwango cha kukuza sauti) pale ulipokuwa ukirekodi, kisha nasa sekunde 30. Mvumo ukibaki karibu uleule, tatizo ni kinasa, na maiki mpya haitalitatua. Ukipungua sana, maiki ndiyo yenye kelele.

Kinasa changu ni cha biti 32 floti (huhifadhi sauti kubwa na ndogo mno bila kuzikata). Bado kelele ya maiki ina maana?

Ndiyo, yote. Biti 32 zinakulinda sauti isipasuke kwa kuzidi kiwango. Mvumo wa maiki huingia nao ukiwa mzima.

Lazima ninunue jozi iliyolinganishwa kiwandani?

Si lazima, ila pima. Funga maiki mbili pamoja, kapsuli zikigusana, zielekee spika moja iliyo mita 1 mbele, kila moja ikiwa umbali sawa. Cheza kelele ya waridi (mvumo wa majaribio wenye masafa yote), sawazisha viwango, geuza polariti ya moja (wimbi lake lipinduke juu chini), kisha changanya kuwa mono. Sauti inapaswa karibu kutoweka. Mabaki ya masafa ya juu kabisa ni kawaida kwa sababu kapsuli haziwezi kukaa mahali pamoja. Mabaki ya masafa ya chini au ya kati yanaonyesha maiki hazifanani, na katika ORTF (mpangilio wa stereo wa maiki mbili: sentimita 17 kati yake, pembe ya digrii 110) ndege mmoja ataonekana kuhamahama kadiri anavyobadilisha sauti.

Maiki zangu hutoa milio ya kupasuka-pasuka asubuhi. Zimekufa?

Huenda ni unyevu tu. Kapsuli ya kondensa ya kawaida hushika chaji kupitia ukinzani mkubwa mno, na umande huipa chaji njia ya kuvujia. Zima, weka kwenye kopo lililofungwa pamoja na silika jeli usiku mzima. Usipulizie mdomo wala mashine ya kukaushia nywele. Ukitoka chumba baridi kwenda hewa yenye joto na unyevu, acha maiki ndani ya mfuko uliofungwa mpaka zipate joto la nje. MKH huendesha kapsuli kwa masafa ya redio, ukinzani ukiwa mdogo, ndiyo maana unyevu hauzisumbui hivyo.

Sifongo iliyokuja na maiki inatosha kwa upepo?

Ndani ya nyumba tu. Nje unahitaji kikapu chenye nafasi ya hewa kuzunguka kapsuli, na manyoya juu yake. Kadioidi (maiki inayosikia zaidi mbele) huteseka zaidi na upepo kuliko maiki ya pande zote, na kukata masafa ya chini baadaye hakuokoi sauti iliyokwisha kupasuka kwenye ampu ya kuingizia. Manyoya yakilowa yanameza sauti za juu, kwa hiyo beba ya akiba. Mwenye bajeti ndogo anunue kinga kwanza, maiki zifuate.