Kusaidia familia za vibarua wanaohama: fuateni kalenda ya mavuno

Vikundi vingi hupeleka msaada mavuno yakiwa yamepamba moto, kwa sababu ndipo kambi za vibarua hujaa. Wakati huo angalau kazi ipo. Familia huumia zaidi katika wiki mbili tatu za mwanzo, nauli ikiwa imekula akiba yote na malipo ya kwanza hayajatoka. Huumia tena mvua inaposimamisha kazi, maana kibarua asiyeingia shambani halipwi. Ulizeni mapema mavuno yanaanza lini, na vifurushi viwe tayari wiki moja kabla.

Chakula kihesabiwe kwa idadi ya watu, si kwa kaya. Kipimo kinachotumika sana kwenye misaada ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 5 kwa siku 14, kilo 28 za nafaka, kilo 7 za jamii ya kunde na lita 3 za mafuta hukaribia hapo; ongezeni chumvi. Chagueni dengu zilizokobolewa kuliko maharage makavu. Kambini jiko moja hupokezanwa na familia kadhaa, na mtu aliyerudi jioni hawezi kulishikilia saa mbili akingoja maharage yaive. Fedha taslimu ni bora zaidi pale duka la nje linapofikika. Ila kama duka ni lile moja la shambani, na familia tayari inadaiwa hapo, fedha hizo zitaishia kulipa deni na watoto watalala njaa vilevile.

Sabuni ndiyo husahauliwa sana. Kwa mtu mmoja kwa mwezi, kadirieni gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia, halafu kwa familia hizi muiongeze ya kufulia. Nguo za kazi huingia ndani zikiwa na dawa za kupulizia mimea, na mtoto anayetambaa sakafuni kisha kutia vidole mdomoni huzipata kabla ya mtu yeyote. Kwa hiyo toeni mabeseni mawili ya rangi tofauti, moja la nguo za shambani peke yake, na mfuko wa kuzihifadhia hadi zifuliwe. Elezeni pia kwamba viatu vibaki nje na mzazi anawe na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Ongezeni dumu jipya la lita 20 lenye kifuniko. Pasipo dumu, watu huosha chombo kitupu cha dawa ya shambani na kutekea maji ya kunywa, kumbe sumu imeshapenya kwenye plastiki na haitoki kwa kusuuza. Hili moja, tafadhali, msiliache.

Nguo za mitumba zipokeeni kwa uangalifu. Zinazofaa ni mashati mepesi ya mikono mirefu, kofia pana na viatu vya namba mlizoulizia. Marundo mengine huwa mzigo kwa watu wanaohama na begi moja.

Kituo cha kulelea watoto kinachofunguliwa saa mbili asubuhi hakiwasaidii, kwani wazazi hutoka alfajiri. Matokeo yake binti mkubwa huacha shule akae na wadogo, au watoto wote hufuata wazazi shambani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 184 wa mwaka 2001 unataka kazi za kilimo zinazoweza kudhuru afya zifanywe na wenye miaka 18 na kuendelea, lakini mkataba haumlei mtoto saa kumi na moja alfajiri. Mkiwa na fedha za jambo moja tu kubwa, lipieni walezi wa saa hizo.

Mgao ufanyike jioni au siku ya mapumziko, na msiupitishe kwa mnyapara. Hata akiwa mwema, orodha ikiwa mikononi mwake, anayedai malipo yake huogopa kukatwa jina. Andikeni idadi ya watu, umri, namba za viatu na tarehe wanayotarajia kuondoka. Msiulize vibali vya ukaazi wala kupiga picha za nyuso. Wakiingiwa na hofu hawatarudi.

Kila familia ipewe bahasha isiyopenya maji ya kuwekea kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na barua za uhamisho wa shule. Kadi ikipotea, mtoto hurudiwa chanjo au huikosa kabisa. Humo wekeni daftari dogo na penseli: tarehe, shamba, saa au kilo, kiwango walichoahidiwa, makato. Malipo yakipunjwa, maandishi ya kila siku yana uzito kuliko kumbukumbu ya mdomo.

Wiki moja kabla ya mavuno kwisha, ulizeni wanaelekea wapi. Kwa ridhaa yao, kipigieni simu kikundi cha huko, mkianza na familia zenye wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wanaotumia dawa kila siku. Hao watoke na dawa za kutosha hadi watakapoonana na mganga mwingine.