Maswali ya wasomaji: chembe za nano, matone ya miujiza na moshi wa mabati

Safari hii nimeokota maswali yanayozunguka jambo moja: zile chembe ndogo mno za oksidi za metali ambazo maabara zimeziona zikituliza radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake zinazoharibu seli, ndani ya seli za binadamu. Kinachozituliza huitwa antioksidanti. Wote mlionisalimu "shikamoo daktari", marahaba, ila mimi ni mfamasia.

Nimesoma kwamba oksidi ya seriamu ni antioksidanti bora kuliko vitamini C. Ni kweli au wanatia chumvi? (Mwanafunzi, Iyunga)

Ni kweli, kwa masharti. Vitamini C hutoa elektroni kuituliza radikali, na ikishatoa imetumika mpaka mwili uirudishe au ule tena. Seriamu, metali iliyomo ndani ya chembe hiyo, hupanda na kushuka kati ya hali mbili, ya chaji tatu na ya chaji nne, ndiyo maana chembe ileile hurudia kazi mara nyingi. Ikizidi ya chaji tatu, huiga kimeng'enya kiitwacho superoksidi dismutesi, kinachogeuza superoksidi, mojawapo ya radikali hizo, kuwa haidrojeni peroksaidi. Ikizidi ya chaji nne, huiga kimeng'enya kingine, katalesi, inayovunja hiyo peroksaidi kuwa maji na oksijeni.

Sehemu inayofuata ndiyo wauzaji hawaisomi. Penye asidi kazi ya pili hufifia huku ya kwanza ikiendelea, peroksaidi inarundikana na seli inaumia. Mazingira ya uvimbe wa saratani huelekea kwenye asidi, kwa hiyo chembe ileile imeonekana maabara ikilinda seli nzima na kuua za saratani. Badilisha ukubwa wake, ganda lake au dozi, na majibu yanageuka.

Kwa hiyo mtu akikwambia "oksidi za metali ni antioksidanti", muulize ipi. Ya zinki huyeyuka ndani ya lisosomu, kifuko chenye asidi ndani ya seli, na kumwaga ayoni, zikizidi seli inakufa. Ya shaba ni kali kuliko hiyo. Ya titaniamu ikipigwa na mwanga wa urujuanimno huzalisha radikali badala ya kuzizima. Na nyingi ya habari hizi ni za seli zilizo kwenye sahani, isiyo na ini wala wengu. Panya wakichomwa sindano ya chembe za seriamu, sehemu kubwa huishia kwenye viungo hivyo viwili na haitoki upesi. Andika hilo kwenye ripoti yako, mwanangu, msimamizi atafurahi.

Kuna dada ananiuzia matone ya "nano antioksidanti", anasema yanatibu kisukari, presha na nguvu za kiume. Ninunue? (Mafinga)

Hapana. Swali hili mnaniletea kila mara mkibadilisha jina la chupa tu. Angalia kama ina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama dawa. Kama haina, kinachouzwa hapo ni maneno. Na ole wako uache metformini, dawa yako ya kisukari, kwa ajili ya matone. Wanaofanya hivyo tunawapokea sukari ikiwa imepanda hadi hawajitambui, na yule dada siku hiyo simu yake haipatikani.

Ulanzi una antioksidanti? (Iringa)

Una pombe.

Nasikia mlima Ngualla una seriamu. Sisi wa Songwe hatuwezi kutumia udongo wake kama dawa, badala ya kuwaachia wageni? (Mkwajuni)

Madini ya Ngualla yana seriamu kweli. Ni madini adimu, na yanayowindwa hasa pale ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku. Seriamu huja nayo kwa wingi, ikatumika kung'arisha vioo na kusafisha moshi wa magari. Lakini seriamu iliyo ndani ya mwamba haina uhusiano na chembe ya nanomita chache iliyotengenezwa kwa kipimo na kuvikwa ganda. Ukisaga jiwe unapata vumbi la jiwe, na pamoja nalo chochote kingine kilichokuwamo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye udongo: kina dada wajawazito mnaonunua udongo wa kula sokoni Mwanjelwa, acheni. Unaweza kuwa na risasi, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na unazuia madini ya chuma kufyonzwa tumboni. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Nenda kliniki upimwe.

Navuta sigara. Nikimeza tembe za antioksidanti kila siku, si zitanikinga na saratani? (Tunduma)

Hili lilipimwa kwa watu, si kwa sahani. Finland waliwapa wanaume wavutaji tembe za beta-karotini, antioksidanti iliyomo kwenye karoti, na matokeo ya mwaka 1994 yakaonyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Marekani walijaribu beta-karotini pamoja na vitamini A, wakasimamisha jaribio kabla ya wakati, Januari 1996, kwa sababu waliomeza walikuwa wanaugua zaidi kwa asilimia 28. Radikali huru si adui wa kufyekwa wote. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza makusudi kuua bakteria. Acha sigara, kaka. Karoti kula.

Mwanangu ana ualbino. Losheni yake ya jua ina oksidi ya zinki, na nimeambiwa nano inapenya ngozi. Niiache? (Mama, Njombe)

Usiiache hata siku moja, mama. Kwenye ngozi isiyo na jeraha chembe hizo hubaki kwenye tabaka la juu lililokufa, na jua la nyanda za juu ni kali hata baridi ikiwa ya kutetemesha. Zenye titaniamu nazo chembe zake kwa kawaida huvikwa ganda ili zisizalishe radikali. Chagua ya kupaka, si ya kupuliza, kwa kuwa njia mbaya ni ya mapafu. Ongeza kofia pana na mikono mirefu.

Sisi mafundi wa kuchomelea tukishinda kwenye mabati na mabomba, usiku tunapata homa na baridi. Tunakunywa maziwa. Je, antioksidanti zingesaidia? (Fundi, Mbeya)

Fundi, wewe ndiye unayekutana na chembe za nano kweli. Bomba la kijivu linalong'aa limepakwa zinki. Moto wako unaigeuza mvuke, mvuke unakutana na hewa na kuwa oksidi ya zinki, ule moshi mweupe unaoganda juu ya mshono wa weldi na kwenye nyusi zako. Saa kadhaa baadaye mdomo una ladha ya chuma, kifua kinabana, homa inapanda, na kwa siku moja au mbili inaisha. Ukivuta kila siku mwili huzoea, ukipumzika wikiendi unasahau, kwa hiyo Jumatatu ndiyo hukuangusha.

Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda mapafuni, hawakutani. Tembe nazo vivyo hivyo. Saga zinki kwa grainda pale unapochomelea, ukiwa umevaa barakoa. Toka nje ya banda, simama upepo ukitokea ubavuni, na nunua barakoa yenye vichujio vya moshi wa metali. Kitambaa ulichofunga puani kinakamata mbu tu. Mwambie na kijana anayekushikia bomba, maana mara nyingi yeye hana hata miwani.

Homa ikipita siku mbili, au pumzi ikizidi kukatika, nenda hospitali usiku huohuo na utaje ulichokuwa unachomelea. Vipande vingine vina kadimiamu, metali yenye sumu, na hiyo huanza kwa dalili hizihizi kabla mapafu hayajajaa maji.